Siku kumi na mbili na diski iliyokufa

Tuna studio ya video Sinza, tunashuti harusi, sendoff, kichen pati, ubarikio, chochote chenye MC na keki. Mimi niliajiriwa kuedit ila kwa sababu siku moja niliwahi kurekebisha printa basi nikawa fundi wa kila kitu, mpaka feni ikikataa kuzunguka naitwa mimi. Kwahiyo na seva ni yangu. Seva yenyewe sio kitu cha kutisha, ni kompyuta moja ya deski ya zamani imekaa chini ya meza, ndani ina SSD ndogo ya Debian (aina ya Linux, mfumo unaoiendesha) na diski nne za TB 4 zilizofungwa pamoja kwa RAID 5, unabakiwa na kama TB 12 za kuweka mzigo. Harusi za watu zote ziko humo.

Jumanne asubuhi, Februari, joto lile unalolijua, dogo wa editing akaanza kulalamika kwamba taimlaini inakwama. Nikamwambia funga Chrome. Akafunga, bado. Mwenzie wa pili naye akaanza, klipu ikiguswa inafikiria kwanza. Hapo ndo nikaingia kwenye seva nikaandika cat /proc/mdstat, komandi ya kuona hali ya hizo diski, ikanipa [4/3] [UU_U].

Kwa ambaye hajawahi kuiona hiyo, kila U ni diski iliyo hai na kile kistari cha chini ni pengo la jino. Diski moja haipo kwenye mstari. Nikaangalia logi nijue imekufa saa ngapi, nikakuta sio leo wala jana, ni siku kumi na mbili nyuma, ile Alhamisi umeme ulikatika ukarudi ukakatika tena ndani ya dakika tano. Siku kumi na mbili tunafanya kazi juu ya diski tatu na tunapandisha harusi mbili mpya juu yake tukiimba. Na kinachouma ni kwamba seva ilitoa taarifa siku ileile. Ilimtumia root, yule mtumiaji mkuu wa seva yenyewe. Yani ilijiandikia barua yenyewe ikaiweka kwenye sanduku lake yenyewe, na hilo sanduku hakuna binadamu amewahi kulifungua toka tuifunge.

RAID 5 inafanya kazi kama kikoba hivi. Watatu wameweka hela, wa nne hana hela ila ameshika daftari la jumla. Mmoja akitoroka, unachukua jumla unatoa za wawili waliobaki unajua aliyetoroka alikuwa na ngapi. (Diski zenyewe zinapokezana hilo daftari, na hesabu yake sio kujumlisha kabisa ila wazo ndo hilo.) Kwahiyo data zote zipo na seva inaendelea kutoa mafaili, lakini kila kipande kilichokuwa kwenye diski iliyokufa lazima zisomwe zile tatu zote na hesabu ipigwe papo hapo. Ndo maana taimlaini ilikuwa inakwama. Na mwingine akitoroka sasa hivi, daftari halisaidii tena, wote mnalia.

Sasa hapa ndo nilipoharibu. Nilisubiri watu waondoke jioni, nikazima seva, nikafungua ubavu. Kwenye skrini pengo lilikuwa la tatu, nikahesabu diski kutoka juu, moja, mbili, tatu, nikachomoa ya tatu. Nilikuwa na haraka, na nilijiona najua. Nikawasha. Skrini ikakaa kimya kama dakika moja na nusu afu ikaleta yale maandishi ya emergency mode inaomba paswedi ya root. Nikaangalia mdstat, array (lile kundi la diski) ipo inactive, diski mbili tu kati ya nne.

Nilichomoa nzima. Kumbe aliyefunga zile kebo za SATA miaka hiyo (na aliyefunga ni mimi) alichomeka popote alipofikia, herufi za sdb sdc sdd ambazo seva inaziita diski hazina uhusiano wowote na nani kakaa juu na nani kakaa chini, na tena hizo herufi zinaweza kubadilika ukirestati. Jasho likanitoka hadi kwenye kope. Simu ikaita palepale, Madam, bosi wetu.

"Baba, ule mzigo wa Jumamosi uko sawa? Mama wa bibi harusi kanipigia mara tatu leo."

"Uko sawa Madam, nakagua tu kidogo."

"Haya mwanangu, usilale huko."

Nikampigia jamaa yangu mmoja anaejua seva, na yeye bila hata kuuliza maswali akaniambia rahisi tu, andika mdadm --create (mdadm ndo programu inayosimamia RAID) na hizo diski ulizonazo itarudi. Nashukuru sikumsikiliza. Hiyo komandi ni ya kuanzisha array mpya, inaandika vichwa vipya juu ya vile vya zamani, na ukikosea mpangilio wa diski au mahali data inapoanzia umeshachanganya unga na mchanga. Unachotaka ni --assemble, yani zikusanyike zilizopo kwa kufuata zilivyojiandika zenyewe.

Kilichoniokoa ni kwamba nilizima kabla ya kuchomoa. Array ilivyoona ziko mbili ikakataa kabisa kuanza, kwahiyo hakuna kilichoandikwa, na ile diski niliyoitoa ilikuwa bado inakubaliana na wenzake kwenye hesabu ya matukio, kila diski inatunza namba yake ya matukio. Nikairudisha, nikawasha, ikakusanyika, [UU_U], pengo lilelile. Sijawahi kufurahia ugonjwa namna ile. Ningeichomoa seva ikiwa inatembea, namba zingeachana, na hapo ningekuwa naomba dua na --force, yani kuilazimisha ikusanyike.

Basi nikatulia, nikanywa maji, nikafanya nilichotakiwa kufanya mwanzo. lsblk -o NAME,SERIAL inakuletea siriali namba ya kila diski inayoonekana. Iliyokufa haikuwa inajibu hata jina, kwahiyo nikaandika namba za zile tatu zilizo hai kwenye karatasi, nikazima tena, nikaangalia stika za diski moja moja kwa tochi ya simu, ile ambayo namba yake haipo kwenye karatasi ndo marehemu. Ilikuwa ya chini kabisa. Nikakata selotepu ya karatasi nikaandika kwa makapeni herufi nne za mwisho za kila siriali nikabandika upande wa mbele ambapo mtu anaona bila kuchomoa kitu. Kazi ya dakika kumi, ingefanywa siku ya kwanza nisingekuwa nasimulia habari hii. Nikaongeza pia nofail kwenye fstab, faili linaloiambia seva ifungue diski zipi ikiwaka, ili siku nyingine array ikigoma seva iwake tu niweze kuingia nikiwa nyumbani, isinisubirishe kwenye kile kiskrini cheusi.

Sasa watu wengi wakifika hapa akili inakimbilia diski mpya, nunua, chomeka, jenga upya. Mimi pia ndo nilitaka. Lakini kujenga upya maana yake ni kuzisoma diski tatu zilizobaki kutoka mwanzo mpaka mwisho bila kupumzika, na hizi zilinunuliwa siku moja na marehemu, zimekula joto lilelile na kukatiwa umeme uleule. Kama kuna yenye kidonda ndani, hapo ndo itasema. Kwahiyo kwanza toa kilicho cha thamani. Nikaigeuza ile foda kubwa iwe ya kusoma tu, mount -o remount,ro, mtu haandiki kitu, nikawapigia wapiga picha usiku uleule nikawaambia kadi za kamera za wiki mbili hizi zisifomatiwe hata kama mnaingia kwenye harusi nyingine, azimeni kadi za watu. Afu nikachomeka eksteno ya USB nikaanza kukopi kwa mpangilio: kazi ambazo mteja hajakabidhiwa, kisha zile ambazo hazipo popote pengine, na harusi zilizokwisha kwenda na wenyewe wameshaachana nikaziacha mwisho. Zile za kwanza zilikuwa TB 1.3, kwa spidi ya MB 100 kwa sekunde ni saa tatu na nusu na kitu. Nililala kwenye kochi la wateja.

Wakati inakopi nikapitisha smartctl -a, inayosoma afya ya diski, kwenye zile tatu. Mbili safi. Ya tatu, sdc, kwenye mstari wa Current_Pending_Sector ikawa imeandika 16. Hizo ni sekta ambazo diski imejaribu kuzisoma ikashindwa na inasubiri ziandikwe upya ijue kama ni za kuzikwa. Kumi na sita ni kidogo kwenye diski ya TB 4, ni kilobaiti 8 tu. Lakini kwenye array iliyopungukiwa hakuna wa kumuuliza hizo kilobaiti 8 zilikuwa nini, daftari limeshaondoka na mwenyewe.

Nikajiuliza hizi zilikaa humo muda gani bila kuonekana. Debian ukiweka mdadm inakuja na ukaguzi wake, Jumapili ya kwanza ya kila mwezi kama saa saba usiku inaisoma array nzima, ikikuta sekta haisomeki inapiga hesabu kutoka kwa wengine na kuiandika upya, kimyakimya, hujui hata kama kulikuwa na shida. Dawa iko humo bure. Sisi kila Jumamosi jioni tunazima meni swichi, kwa sababu Madam hapendi Luku iliwe na vitu visivyo na mtu. Kwahiyo kila Jumapili ya kwanza saa saba usiku seva yetu ilikuwa imelala fofofo. Miaka yote ile haikukaguliwa hata mara moja. Hapo nilicheka peke yangu saa tisa usiku na mbu wananing'ata.

Asubuhi nikapanda mwendokasi Shekilango, nikashuka Msimbazi, nikaingia Kariakoo upande wa Aggrey na bajeti ya diski mbili badala ya moja. Nilibeba laptop na ile adapta ya kugeuza SATA kuwa USB, na hiyo adapta ilijilipa ndani ya nusu saa. Duka la kwanza jamaa kanitolea diski iko kwenye plastiki yake ya fedha, stika inang'aa.

"Mpya hii kaka, haijawahi kuguswa."

"Naomba niichomeke niione."

"Ah kaka, mpya unaipima nini?"

Nikamwambia ndo nilivyo, nivumilie. Nikachomeka, Power_On_Hours zaidi ya elfu 31. Hiyo ni miaka mitatu na nusu inazunguka mchana na usiku mahali fulani kabla haijaja kuvaa nailoni. Nikamgeuzia skrini, akaangalia, akasema labda kosa la kiwandani, tukacheka wote, nikatoka. Duka la tatu nilipata za kweli, masaa sifuri, na niliuliza mambo mawili zaidi. Moja, isiwe aina ya SMR, zile ambazo njia za kuandikia zinalaliana kama mabati ya nyumba, ukitaka kubadili bati la chini lazima uinue ya juu yake. Kwa kuhifadhi picha ni sawa, kwa kujenga array upya zinaweza kukupeleka siku nyingi badala ya masaa. Pili, iwe ya NAS, yani iliyotengenezwa kwa ajili ya seva za kuhifadhi mafaili. Hizi zikikutana na sekta mbovu zinajaribu kwa sekunde 7 hivi zinakubali yaishe, wakati diski ya kawaida ya deski inaweza kung'ang'ana muda mrefu mpaka Linux, ambayo inasubiri sekunde 30, inaichoka na kuanza kuigonga, na mwisho diski ambayo ingetibika inatupwa nje ya array. Na saizi isipungue ya zamani hata kidogo, mdadm haina utani, ikipungua inakataa.

Zile diski mbili zilikula hela ya harusi nzima ndogo. Wale wasomi watatu wa Berkeley, Patterson, Gibson na Katz, walivyoandika kuhusu RAID mwaka 1988 ile I kwenye jina ilimaanisha diski za bei nafuu (inexpensive), baadae watu wakaibadilisha ikawa diski zinazojitegemea (independent). Nadhani na wao walitumwa dukani.

Nikarudi, nikazima seva mchana kweupe. Hapa ndo kule kukopi kwa usiku kulionyesha faida, maana madogo walikuwa wanaedit kwenye ile eksteno kama hakuna kilichotokea, walilalamikia joto tu. Nikaiondoa marehemu, nikachomeka diski mpya moja, nikawasha kwa flashi ya USB, nikaanza kuikopi ile sdc yenye kidonda kwenda kwenye mpya kwa ddrescue, programu ya kuokoa data kwenye diski mbovu. Uzuri wake ni kwamba haikwami kwenye kidonda kama dd, ile komandi ya kawaida ya kukopi diski, inaruka, inabeba kilicho kizima kwanza, inaandika kwenye faili la ramani wapi imeshindwa, afu inarudi kujaribu tena. Nilisoma siriali namba mara nne kabla ya kubonyeza enta. Ukigeuza nani anatoa na nani anapokea umeifuta diski kwa mkono wako, na mimi usiku uliopita nilikuwa nimeshamaliza bahati yangu.

Saa nane mchana mama wa bibi harusi akaja mwenyewe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Video yangu iko wapi?"

Nikamkalisha kwa dogo, akaonyeshwa mlango wa kanisa, mwanae anashuka kwenye gari, akalia kidogo, akaomba ile sehemu ya wifi yake ikatwe, akaondoka. Pembeni yangu ddrescue iko asilimia 18.

Usiku saa tano na kitu ikamaliza. TB 4 zote, kasoro kilobaiti 8, sekta zilezile kumi na sita, ilijaribu ikashindwa nikaiambia basi. Sasa kuna mtego hapa: nakala inabeba kila kitu, mpaka kile kichwa ambacho diski inajitambulisha nacho kwenye array. Ukiwasha na zote mbili zimo una mapacha wenye kitambulisho kimoja, huwezi kujua yupi ataitwa. Kwahiyo sdc ya zamani nikaitoa, nikaandika kwenye selotepu USIGUSE, nikaiweka kabatini. Nikawasha na diski tatu, array ikakusanyika, nikaikagua faili sistimu, safi, afu ndo nikachomeka ile mpya ya pili na mdadm --add. Ikaanza, 0.1%, finish inasema dakika mia sita na kitu. Kama masaa kumi na moja kwa spidi ya MB 100 kwa sekunde.

Nilikaa na mambo mawili usiku ule. Joto, kwanza. Diski moja ilifika digrii 52, na AC ya studio iko chumba cha wateja sio cha seva (vipaumbele), nikaacha ubavu wa deski wazi nikaelekeza feni ya meza, ikashuka mpaka 43 ikabaki hapo. Halafu umeme. Saa tisa ukaenda. UPS inabeba kama dakika ishirini, nikamwamsha mlinzi tukavuta jenereta, likawaka mara ya sita. Lingegoma ningeizima seva kwa utaratibu na ikirudi inaendelea ilipoishia, ila kuzimika ghafla katikati ya kazi kama ile sikutaka hata kulifikiria.

Asubuhi watu wakaingia saa tatu, ilikuwa imefika asilimia themanini na kitu. Ningeweza kuwaambia msiguse mpaka iishe, lakini kulikuwa na kazi nyingine kwenye seva ambazo hazikuwemo kwenye eksteno. Nikapunguza spidi ya kujenga, kuna kifaili /proc/sys/dev/raid/speed_limit_max, kwa kawaida kina 200000, nikaandika 30000, yani isizidi MB 30 kwa sekunde, na wao wakapata nafasi ya kupumua. Ikasogea hadi saa kumi jioni ndo ikamaliza. [UUUU]. Nilimwita Madam aje kuona, akaangalia zile U nne akasema "sasa hizi ndo zimekula hela yangu?"

Ratiba imebadilika kidogo tangu hapo. Seva imehamishiwa kwenye swichi yake peke yake na imeandikwa USIZIME, Jumapili ya kwanza inakaguliwa kama ilivyotakiwa, na taarifa za mdadm zinakuja kwenye simu yangu na ya Madam kwa pamoja, nilipima kwa --monitor --test --oneshot mpaka zilipofika kweli. Nilimwomba twende RAID 6, ivumilie diski mbili kufa, akauliza tutabakiwa na ngapi, nikamwambia TB 8 badala ya 12, akanyamaza ile ya hapana. Tukakubaliana eksteno moja inakaa kwake Tabata na inabadilishwa kila Jumatatu, na kusema kweli kwa hali yetu hiyo ni bora zaidi, maana hakuna RAID inayosaidia dogo akifuta foda kwa bahati mbaya, linafutika kwenye diski zote nne kwa uaminifu mkubwa.

Zile kilobaiti 8 niliwahi kuzitafuta nikachoka. Wiki kadhaa baadae dogo akaniita nione klipu moja ya ubarikio wa zamani, shangazi anaingia na keki anacheza, picha inageuka kijani kama nusu sekunde, afu shangazi anaendelea kucheza. Mteja alishachukua kopi yake kitambo, ya kwake haina kijani.